GC-MS haityuni baada ya umeme kukatika: anzia kwenye ombwe

Umeme ukirudi na GC-MS (mashine ambayo GC hutenganisha kemikali na MS hupima masi zake) ikagoma kutyuni, yaani kujirekebisha kwa kemikali ya kipimo, usikimbilie kulaumu bodi za elektroniki. Mara nyingi kilichopotea ni ombwe: pampu zilisimama, hewa na unyevu vikaingia, nati za kolamu (mrija mwembamba wa kutenganisha kemikali) zikalegea kwa kupoa. Maelezo haya yanahusu mashine ya kwadrupoli moja (fito nne zinazochuja ayoni kwa masi) yenye pampu ya tabo (pampu ya ombwe inayozunguka kasi sana), inayotyuniwa kwa PFTBA, kemikali ambayo masi zake zinajulikana.

Giza likiwa bado lipo, zima swichi za GC na MS. Umeme huja na kuondoka mara mbili tatu, tena kwa volti za juu, na tabo haivumilii kuwashwa na kuzimwa namna hiyo. Ukisharudi, subiri dakika 15 umeme utulie. Anayetumia haidrojeni badala ya heli afunge silinda kwanza, na asiwashe chochote mpaka ahakikishe gesi haikujikusanya ndani ya MS wala kwenye oveni. Filamenti (waya wa moto unaotoa elektroni) ikiwaka humo, mashine inaweza kulipuka.

Fungulia heli ipite kwenye kolamu dakika 15, oveni ikiwa baridi. Kolamu ikipashwa moto na oksijeni ndani, fezi yake (utando wa ndani) huliwa, kisha uchafu wake huishia kwenye sosi ya ayoni, sehemu ya MS inayozipa molekuli chaji.

Washa pampu huku ukibonyeza bamba la pembeni kwa kiganja na kusikiliza. Pampu ya mafuta hububujika mwanzoni, kisha sauti hufifia. Ikiendelea kububujika, bamba halijakaa au oringi (pete ya mpira ya kuziba) ina unywele. Angalia pia kioo cha mafuta: kiwango kikiwa kimeshuka, huenda vali ya kuzuia mafuta yasirudi nyuma imeshindwa na yamevutwa kwenye hosi. Tabo isipofika 80% ya kasi yake kwa dakika 10 hivi, zima utafute pa kuvuja.

Sasa pasha sosi hadi 230°C na kwadrupoli hadi 150°C, kisha ngoja saa 4 angalau. Umeme ukiwa ulikatika usiku kucha, acha hadi kesho yake. Hapa ndipo wengi huharibu: maji yaliyonata kwenye kuta za ndani hutoka polepole, na ukityuni mapema programu hupandisha volti za kikuza elektroni (kinachokuza ishara) na kuhifadhi vipimo vya mashine yenye unyevu.

Kabla ya kutyuni, soma masi 18 (maji), 28 (naitrojeni), 32 (oksijeni) na 40 (agoni) ukilinganisha na 69 ya PFTBA. Lengo: 28 isizidi 10% ya 69, na 18 isizidi 20%. Kama 18 ndiyo kubwa na inashuka kila saa, ni unyevu tu, ngoja. Kama 28 ni karibu mara nne ya 32, hiyo ni hewa yenyewe, na mashine inavuja.

Mtuhumiwa wa kwanza ni nati ya kolamu inapoingia MS. Feruli (pete ya kuziba) ya Vespel, plastiki ngumu, na grafiti husinyaa ikipashwa moto na kupoa, kwa hiyo kaza robo mzunguko tu, ukizidisha utaivunja. Kisha pulizia agoni sekunde chache kwenye kila kiungo huku ukitazama masi 40. Agoni ni nzito kuliko hewa: anza chini, panda juu.

Hewa ikishapungua, tyuni. Ukiona 18 na 28 lakini 69 haipo kabisa, kagua kichupa cha PFTBA na vali yake. Usipoona kitu hata 28, huenda filamenti imeungua na oksijeni. Hamia ya pili. 69 ikiwa kubwa na 502 dhaifu, sosi ni chafu. Masi zikihama zaidi ya 0.2, kwanza hakikisha kwadrupoli imeshika joto.

Tazama kwa makini vilele vya isotopu: 70 iwe karibu 1.1% ya 69, 220 karibu 4.3% ya 219, na 503 karibu 10% ya 502. Namba hizi zinatokana na kaboni-13, haziangalii usafi wa sosi. Zikipotoka ilhali hewa ni kidogo na joto limetulia, hapo sasa una sababu ya kushuku elektroniki za kwadrupoli na kumwita fundi.

Volti za kikuza zikiwa zimepanda kuliko ripoti ya kabla ya kukatika, usikibadilishe leo. Rudia kesho, kwani hushuka unyevu ukiisha. Faili jipya la tyuni lipe jina lake, usifute lile la zamani.