Jinsi ya kupima ute wa bakteria unaofunika kioo kabla ya utando kujengeka

Molekuli husambaa majini haraka kuliko seli. Kwa hiyo protini, sukari ndefu na molekuli zenye tabia ya sabuni zinazotolewa na bakteria, ambazo hapa naziita ute, hutangulia kufika kwenye kioo, na tabaka hilo jembamba huchangia sana kuamua kama seli zitashika na kujenga utando, yaani tabaka la bakteria walioshikamana, au zitateleza.

Hatua ya 1. Otesha bakteria aitwaye Pseudomonas fluorescens katika mchuzi wa virutubisho kwa nyuzi 28 usiku kucha. Zungusha kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha kwa kasi ili seli zitue chini, vuta majimaji ya juu bila kutibua mashapo, kisha yapitishe kwenye kichujio chenye matundu ya mikromita 0.22, ili seli zibaki na ute upite.

Hatua ya 2. Loweka slaidi safi, yaani vipande vyembamba vya kioo, kwa saa moja: ya kwanza katika majimaji yaliyochujwa, ya pili katika mchuzi mpya, ya tatu katika maji ya chumvi. Zisuuze taratibu. Slaidi ya mchuzi mpya huachwa mara nyingi, nami nasisitiza isiachwe, kwa sababu protini za mchuzi nazo hung'ang'ania kioo, na bila kipimo hicho hutajua kama unachokiona ni kazi ya bakteria au ya chakula chao.

Hatua ya 3. Zamisha slaidi zote kwa saa moja katika seli zilizooshwa na kuwekwa kwenye maji ya chumvi. Usitumie mchuzi hapa, kwani seli zitakua, zitatoa ute mpya na kufunika kila kioo.

Hatua ya 4. Suuza, paka rangi ya kristali vayoleti ya asilimia 0.1 kwa dakika 15, suuza tena, kisha yeyusha rangi kwa asidi asetiki ya asilimia 30 na upime kiasi cha mwanga wa nanomita 550 kinachofyonzwa na rangi hiyo. Rangi hii hushika ute pia. Kwa hiyo paka slaidi nyingine zilizolowekwa vilevile lakini zisizoguswa na seli, na uondoe vipimo vyake kwenye vipimo vya slaidi zenye seli.

Usitarajie kwamba ute utaongeza mshiko kila mara. Pseudomonas aeruginosa huacha njiani sukari iitwayo Psl, ambayo huwanasa wanaofuata, lakini bakteria huyohuyo hutoa ramnolipidi, molekuli zenye tabia ya sabuni, zinazoweza kuzuia seli zisishike. Ukiona tofauti kati ya slaidi ya majimaji yaliyochujwa na ile ya mchuzi mpya, rudia hatua ya 2 kwa majimaji yaliyotiwa kimeng'enya cha kuvunja protini: tofauti ikitoweka, anza kuchunguza protini, ikibaki, geukia sukari na lipidi.