Kutembelea ngome ya Dunvegan na bustani zake, kwa anayeondoka Lubumbashi

Dunvegan ni ngome ya ukoo wa MacLeod. Imesimama juu ya mwamba kando ya maji, katika kisiwa cha Skye, kaskazini-magharibi ya Uskoti, ambayo ni sehemu ya Uingereza. Machifu wa ukoo huo wameishika kwa takriban miaka 800, na hadi leo ni mali yao. Mtu wa Katanga anayeijua Bunkeya, ambako uchifu wa Bayeke ungali hai, ataelewa upesi: hii ni nyumba ya watu inayopokea wageni, si makumbusho ya serikali. Ndiyo maana ina msimu. Hufunguliwa kuanzia Aprili hadi katikati ya Oktoba. Ukifika Desemba utakuta lango limefungwa.

Anza na karatasi, maana ndizo zinazovunja safari nyingi. Viza ya matembezi ya Uingereza inaruhusu kukaa hadi miezi 6. Fomu hujazwa kwenye intaneti, si mapema kuliko miezi 3 kabla ya kuondoka, kisha unakwenda kutoa alama za vidole katika kituo ulichochagua. Angalia kituo kiko mji gani kabla ya kulipa chochote, kwa sababu huenda ikabidi upande ndege kwenda huko. Baada ya alama za vidole, jibu kwa kawaida huja katika wiki 3.

Tatizo kubwa la Mkongomani ni lugha. Barua ya kazi, karatasi za benki, cheti cha ndoa, hati ya kiwanja: vyote hivi kwetu ni vya Kifaransa. Hati isiyo ya Kiingereza wala Kiwelshi lazima iende na tafsiri kamili, na kila tafsiri ibebe mambo manne: uthibitisho wa mtafsiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake kamili na saini, na namna ya kumpata. Kikikosekana kimoja, hati nzuri kabisa inaweza kukosa uzito. Jambo lingine ni fedha nyingi kuingia ghafla kwenye konti siku chache kabla ya ombi. Kama umeuza gari au umelipwa deni, weka karatasi inayoonyesha hivyo.

Njia rahisi ni ndege ya Lubumbashi hadi Addis Ababa, kisha London. Usisahau kijitabu cha chanjo ya homa ya manjano. Utakihitaji unaporudi Kongo. Kutoka London, treni ya mchana hadi Inverness huchukua saa 8 hivi. Iko pia ya usiku yenye vitanda, inayoondoka stesheni ya Euston, nayo inakuokolea hoteli ya usiku mmoja. Kutoka Inverness panda treni ya Kyle of Lochalsh, saa 2 na nusu, kisha basi linalovuka daraja la Skye kwenda Portree. Lala Portree. Dunvegan iko kilomita 35 hivi kutoka hapo, na mabasi ya kwenda huko ni machache kwa siku. Usipange kwenda Jumapili kabla ya kuangalia ratiba: kisiwani siku hiyo usafiri hupungua sana.

Ukikodi gari, kumbuka wanaendesha upande wa kushoto na vibao vinahesabu maili. Barabara nyingi ndogo zina nafasi ya gari moja tu, zikiwa na sehemu zilizopanuliwa za kupishana. Ikiwa sehemu hiyo iko kushoto kwako, ingia usubiri. Ikiwa iko kulia, simama barabarani mkabala nayo, mwenzako aingie. Kuegesha humo ili upige picha ni kuziba njia ya kila mtu, na wenyeji hukasirika, kwa haki.

Fika ngome inapofunguliwa, saa nne asubuhi, kabla ya mabasi ya watalii. Kuna tikiti ya ngome pamoja na bustani, na iko ya bustani peke yake. Chukua ya pamoja, kisha tazama mbingu: mvua ikinyesha, anza ndani, kukiwa kukavu, anza bustani, kwa sababu hali ya hewa ya Skye hubadilika ndani ya saa moja.

Ndani, saa moja na nusu inatosha. Tafuta kwanza Bendera ya Majini (yaani ya viumbe wa ajabu wa hadithi, kwa Kiingereza Fairy Flag), kitambaa cha hariri kilichochakaa, kimewekwa nyuma ya kioo. Ukoo unasimulia kwamba ukizidiwa vitani huipeperusha na msaada huja, na kwamba nguvu yake ni ya mara tatu tu. Simama pia mbele ya pembe ya Rory Mor, chifu wa zamani wa ukoo, pembe ya ng'ombe yenye ukingo wa fedha: mrithi wa uchifu hupaswa kuinywa divai yote iliyomo. Kisha tazama lango la upande wa bahari. Hadi 1748 hiyo ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kuingia, na ukiliona utaelewa kwa nini adui alishindwa.

Bustani zipewe muda uleule au zaidi. Sehemu kubwa ya Skye ni nyasi na mawe bila miti, lakini hapa mkondo wa bahari yenye uvuguvugu na miti ya kuzuia upepo vimeruhusu mimea mingi kustawi. Bustani ya Maji ina vijito, madaraja na maporomoko madogo. Ya Mviringo ina vichaka vilivyokatwa kwa mistari. Ile yenye ukuta zamani ililisha jikoni ya ngome. Ukitaka maua ya vichaka vikubwa, njoo Mei. Maua ya matuta hufana Julai na Agosti.

Koti unalovaa Lubumbashi asubuhi za Juni linatosha kwa baridi, lakini si kwa maji. Beba lingine jepesi lisilopenya mvua, na viatu vyenye soli ya kushika. Mwavuli uache: upepo utauvunja. Kuanzia Juni hadi Septemba, hewa ikitulia baada ya mvua, visubi hutoka kwa wingi. Havileti malaria, ila vinauma sana. Paka dawa ya kufukuza wadudu kabla ya kuingia kwenye miti.

Mashua za kutazama sili, wanyama wa baharini, huondoka chini ya ngome, kwa tikiti ya pembeni, na upepo mkali huzizuia. Ukiona bahari imetulia asubuhi, panda mara moja.

Malipo ni kwa pauni au kadi, dola hazipokelewi. Benki tatu za Uskoti hutoa noti zao zenyewe. Ni halali, lakini wabadilishaji wa fedha wa kwetu huzitilia shaka. Zitumie zote kabla ya kuondoka, au omba benki ya huko ikubadilishie noti za Benki Kuu ya Uingereza.