Kununua injini ya rota iliyotumika kutoka Japani: mambo ya kukagua kabla ya kulipa

Injini nyingi za rota, yaani zile ambazo badala ya pistoni zina rota za pembetatu zinazozunguka ndani ya nyumba zake, zinazouzwa zikiwa zimetumika hutoka Japani, kwa sababu Mazda ndiyo kampuni iliyozitengeneza kwa wingi kwa ajili ya magari ya spoti, kuanzia Cosmo Sport ya mwaka 1967 hadi RX-8, ambayo uzalishaji wake ulikoma mwaka 2012. Mnunuzi anayezoea injini za pistoni huuliza kwanza imetembea kilomita ngapi. Kwa injini hii swali hilo lina faida ndogo, kwani iliyotembea kidogo lakini ikachemka mara moja ni mbovu kuliko iliyotembea sana ikitunzwa vizuri. Sili zake, yaani vipande vinavyoziba mianya kwenye ncha na pembeni mwa rota, ni vitu vya kuchakaa na kubadilishwa, ilhali thamani ya kudumu imo katika nyumba za rota, mabamba ya pembeni, rota zenyewe na shafti. Ndiyo maana bei ya haki ya injini isiyo na vipimo ni bei ya kitu kinachokwenda kufunguliwa na kufungwa upya, hata kama muuzaji anaapa kwamba ilikuwa ikiwaka.

Hakikisha kwanza kwamba unanunua injini inayolifaa gari lako. Jina 13B, la injini ya rota mbili, limetumika kwa matoleo mengi yenye ujazo uleule wa sentimita za ujazo 1308, yaani 654 kwa kila rota, lakini ambayo hayabadilishani spea ovyo. RX-7, gari jingine la spoti la Mazda, katika kizazi cha FC ilikuwa na 13B isiyo na tabo (turbo) na nyingine yenye tabo moja. Ile ya FD ilikuja na 13B-REW yenye tabo mbili zinazofanya kazi kwa zamu. RX-8 ina 13B-MSP, maarufu kwa jina la Renesis. Iko pia 20B ya rota tatu iliyotoka katika Eunos Cosmo, ambayo ni nadra na ghali. Uwiano wa mgandamizo nao hutofautiana: ni 9.0 kwa 1 katika REW na 10.0 kwa 1 katika Renesis, hivyo anayepanga kuongeza tabo asichukue rota zozote zile. Kwa upande wa RX-8, uliza kama injini ina milango minne ya kuingizia hewa au sita, kwani magari mengi ya awali yenye giaboksi ya otomatiki yalifungwa ile ya milango minne, yenye nguvu ndogo.

Giaboksi huleta jambo jingine linalosahaulika. Shafti ya injini ya rota husawazishwa kwa uzani wa mbele na wa nyuma. Katika gari la gia za mkono, uzani wa nyuma kwa kawaida ni sehemu ya flaiwili yenyewe. Katika otomatiki, ni kipande cha peke yake. Injini iliyotoka kwenye otomatiki huweza kufungwa katika gari la kluchi, lakini ni lazima flaiwili na uzani viwe vya kulingana na rota za toleo hilo, la sivyo injini itatetemeka na kula beringi zake.

Baada ya hapo inakuja kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya vyumba vya mwako, na hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Kila rota ina nyuso tatu, na kila uso ni chumba chake cha mwako. Geji ya kawaida ya pistoni hushikilia kipimo cha juu kabisa ilichokipata, kwa hiyo uso mmoja mzima huficha wenzake wawili waliochoka. Dai vipimo vya kifaa maalumu cha rota kinachotoa namba tatu kwa kila rota, jumla sita kwa 13B, pamoja na kasi ambayo stata ilizungusha injini, kwa sababu namba hizo hulinganishwa kwenye kasi ya mizunguko 250 kwa dakika. Kwa Renesis, kiwango cha kawaida ni kPa (kilopaskali) 830 na cha chini kinachokubalika ni kPa 680. Tofauti kati ya nyuso za rota moja isizidi kPa 150, na kati ya rota na rota isizidi kPa 100. Wauzaji wa Japani mara nyingi huandika kwa kilo kwa sentimita ya mraba, ambapo kilo moja ni takriban kPa 98. Kwa 13B-REW, injini iliyoshuka chini ya kilo 6.0 imekwisha. Mimi huangalia usawa kabla ya ukubwa: rota yenye 7.2, 7.1 na 7.3 inanipa imani kuliko yenye 8.0, 7.9 na 6.2, kwa kuwa uso mmoja ulioanguka ni dalili ya sili iliyovunjika au kukwama, wakati uchakavu wa kawaida hushusha zote kwa pamoja.

Namba hizo hupandishwa kwa urahisi. Oili iliyomiminwa kupitia matundu ya plagi huziba mianya na kuifanya injini iliyochoka ionekane nzima kwa dakika chache. Kwa hiyo kipimo kichukuliwe injini ikiwa imepata moto baada ya kuwaka kwa muda, betri ikiwa imejaa na mlango wa hewa unaoendeshwa na pedali ya mafuta ukiwa wazi kabisa. Ukiweza, omba video isiyokatwa inayoonyesha injini ikizimwa ikiwa ya moto kisha ikiwashwa tena papo hapo. Injini ya rota yenye kompresheni ndogo huwaka vizuri asubuhi na kusumbua ikiwa ya moto, na hilo ni gumu kulificha mbele ya kamera.

Mara nyingi, hata hivyo, injini imekwisha kutolewa garini na haina stata. Hapo toa plagi za chini na uizungushe kwa mkono kwa kushika boliti ya puli ya mbele, kila mara kuelekea upande wa saa. Usiizungushe kinyume kwa boliti hiyo: ikilegea, beringi ya sindano iliyo nyuma yake huweza kuteleza kutoka mahali pake na kusagwa boliti itakapokazwa tena. Rota huzunguka mara moja kwa kila mizunguko mitatu ya shafti, hivyo katika mizunguko mitatu utasikia kila rota ikipumua mara tatu. Pumzi hizo ziwe na nguvu sawa. Ukisikia mbili zenye nguvu na moja dhaifu, teremsha bei au ondoka. Injini iliyokwama kabisa kwa kutu baada ya kukaa nje huweza kulegezwa kwa oili, lakini nyuso zake za ndani tayari zimeliwa.

Katika 12A, injini nyingine ya zamani ya Mazda, na katika FC na FD, moshi hutokea kupitia nyumba ya rota, kwa hiyo ukifungua manifoldi ya moshi unaweza kuziona sili za ncha zikipita moja baada ya nyingine. Zibonyeze taratibu kwa kijiti cha mbao; sili nzima huzama kidogo na kurudi. Angalia kama kona zake zimemeguka, kisha mulika tochi ndani uone kama kromu ya nyumba imebanduka kwenye kingo, kwa maana nyumba iliyobanduka kromu kwa kawaida hubadilishwa, na ndiyo spea inayopandisha gharama kuliko zote. Katika Renesis milango ya moshi iko pembeni na njia hii haifanyi kazi. Tumia kamera ndogo kupitia tundu la plagi.

Kwa injini zenye tabo, tazama pia mapanga ya tabo upande wa moshi. Sili ya ncha inapovunjika, vipande vyake hutoka na moshi na kupita humo, na mapanga yaliyogongeka hueleza historia ambayo muuzaji hataisema. Kutu au masalio ya maji kwenye plagi humaanisha sili za maji zimeharibika, jambo la kawaida kwa injini iliyowahi kuchemka. Mchezo wa shafti mbele na nyuma ukipimwa usizidi mm 0.09.

Katika makubaliano, andika namba ya injini, orodha ya vitu vinavyoambatana nayo na mwanzo wa dhamana. Waya, kompyuta, koili, sensa, alternata na pampu ya kupimia oili vikikosekana, kuvikusanya kimoja kimoja huweza kuzidi bei ya injini. Dhamana nyingi hugusa injini tupu bila tabo wala vifaa vya nje, na nyingine huanza kuhesabiwa siku ya kusafirishwa, jambo ambalo humwacha mnunuzi wa mbali bila kinga yoyote mzigo unapofika. Omba oili na maji vimwagwe, matundu yote yazibwe na picha zipigwe ikiwa tayari imefungwa juu ya paleti ya mbao.

Ikifika, rudia ukaguzi wa mkono siku hiyohiyo, dhamana ikiwa bado hai. Kabla ya kuifunga, badilisha mipira ya maji, ile midogo ya vakyumu na vijibomba vya plastiki vinavyopeleka oili kwenye vyumba vya mwako, ambavyo hukauka na kukatika kwa uzee, na injekta zipelekwe kusafishwa na kupimwa, kwa kuwa injekta moja iliyoziba huipunguzia rota mafuta, mlipuko ukawa wa kugonga, na sili ya ncha ikavunjika wakati wa kuongeza kasi kwa mara ya kwanza.