Somo: Kunasa propaganda kwa mashine, tukianza na twiti za St. Petersburg

Wakuu, niliahidi somo la kufundisha mashine kunasa propaganda, leo deni nalilipa. Data yetu ni karibu twiti milioni 3 za Internet Research Agency, kile kiwanda cha akaunti feki cha St. Petersburg, Urusi, kilichoingilia uchaguzi wa Marekani wa 2016. Zilikusanywa na Darren Linvill na Patrick Warren wa Clemson University, na tovuti ya habari ya Marekani, FiveThirtyEight, ikazitoa bure 2018.

Hatua ya 1. Pakua faili za CSV (majedwali ya maandishi). Baki na kolamu za author, content, publish_date na language, kisha chuja Kiingereza tu.

Hatua ya 2. Tafuta twiti za watu wa kawaida za kulinganisha, za miezi ileile na mada zilezile. Ukileta za mpira na mapishi, mashine itaamini kila anayemtaja Trump ni mpiga propaganda.

Hatua ya 3. Geuza maneno kuwa namba kwa TF-IDF (neno adimu hupewa uzito kuliko la kila mahali), halafu zipe LogisticRegression ya scikit-learn, maktaba ya Python, ijifunze kutenganisha makundi mawili. Basi.

Hatua ya 4. Hapa ndipo tunapoumbuka. Mara ya kwanza niligawa twiti kiholela, nyingine za mafunzo na nyingine za mtihani, nikapata asilimia 90 na ushee, nikatamba kwenye magrupu yote. Kumbe mashine imekariri! Akaunti ileile ilikuwa na twiti kwenye mafunzo na nyingine kwenye mtihani, kwa hiyo ilitambua mwandiko wa mtu, si propaganda. Gawa kwa GroupShuffleSplit ya scikit-learn, groups iwe author, ili akaunti nzima ikae upande mmoja. Alama zangu zilishuka vibaya, ila ndizo za kweli.

Hatua ya 5. Usihukumu kwa twiti moja. Baadhi ya akaunti zile zilijifanya vyombo vya habari vya miji ya Marekani, zikituma habari za kawaida kabisa; kwa maneno tu huzipati. Tazama saa: akaunti kumi kurusha sentensi moja ndani ya dakika moja, hapo kuna mkono wa mtu. Orodha mpe binadamu aihakiki, mashine isifute kitu.

MASWALI

– Mkuu, laptop yangu ina RAM ya GB 4. Itatoboa?
Itatoboa. Chukua akaunti chache, mistari laki moja inatosha.

– Kwa Kiswahili je?
Modeli hii haikufai, kusanya twiti zako za Kiswahili, kila moja uiandike ni propaganda au ya kawaida. Kwenye TF-IDF kata vipande vya herufi 3 hadi 5 (analyzer iwe char_wb) badala ya maneno mazima, maana "anadanganya", "walidanganya" na "tumedanganywa" zina shina moja.

– Mjomba wangu anaforwadi kila kitu. Si atahesabiwa chawa?
Mjomba yuko peke yake, na anatuma akishakula. Rudi hatua ya 5.