Kabla hujamnunulia mtoto punda wake wa kwanza

Hela ya pamba ikishaingia, kuna wazee huku Usukumani ambao humkumbuka mjukuu mdogo: naye apate punda wake, ajifunze kuongoza, kesho amsaidie mama kuchota maji. Wazo si baya. Punda akitunzwa huishi miaka 25 na kuzidi, kwa hiyo huyo wa leo anaweza kuwepo mpaka mtoto anaoa. Ila kuna mambo ya kuangalia kabla hujatoa hela, maana mnadani hakuna kurudisha.

Dume asiyehasiwa, hapana. Hapa hatujadiliani. Akinusa jike anayehitaji dume hatakumbuka kama kuna mtoto ameshika kamba. Tafuta dume aliyehasiwa siku nyingi, au jike mtulivu asiyenyonyesha. Jike muulizie na mimba. Punda huibeba mwaka mzima hivi, na tumbo la mla majani hudanganya sana.

Halafu umri. Kuna watu wanapenda kununua kihongwe "ili wakue pamoja na mtoto". Hao ni wanafunzi wawili darasani bila mwalimu. Mfungue mdomo umwone meno: akifika miaka 5 hivi, meno ya mbele ya utoto yameshatoka yote na ya ukubwa yameshaota. Chini ya hapo mwache. Anayefaa ni wa miaka 8 mpaka 15, aliyefanya kazi kwenye nyumba yenye watoto na akawachoka kwa amani.

Kwato zisiwe zimejikunja mbele kama kandambili. Macho makavu, pua kavu, asikohoe. Kama ametoka upande wenye mbung'o, bwana mifugo ampime ndorobo kwanza.

Sasa upole. Baba mdogo wangu, anakaa upande wa Misungwi, alimnunulia punda mnadani mjukuu wake wa miaka 5. Punda mwenyewe amehasiwa, meno kamili, kwato safi. Yote niliyoyataja hapo juu angeyapita. Alikuwa amesimama juani, kichwa chini, masikio yameanguka pembeni, watoto wa mnadani wanamshika mpaka puani. Muuzaji akasema, "Mzee, huyu hata ulale chini ya miguu yake hatikisiki." Akamwachia na gunia lililokuwa mgongoni, tandiko la bure. Baba mdogo akaona kapata.

Hakuna aliyeuliza alikotokea. Kumbe aliswagwa usiku kucha kuwahi mnada, na maji hakupewa. Alipofikishwa nyumbani alimaliza ndoo ya kwanza bila kuinua kichwa, ya pili akaifikisha nusu. Siku za mwanzo sifa tupu: mtoto anamvuta masikio, anamkalia, punda kimya. Wakampa pumba, majani ya viazi, wakamwacha apumzike. Nguvu zikarudi. Akaanza kuinua kichwa, masikio yakasimama, na kila mtu akigusa lile gunia anajikunja na kusogea pembeni. Wakasema ameshiba, ameanza kiburi. Gunia lenyewe lilikuwa limegandia manyoya katikati ya mgongo, na kwa kuwa kulitoa kulikuwa na usumbufu, likaachwa pale pale.

Jioni moja mtoto akaja kwa nyuma na dumu tupu, akamsukuma nalo kiunoni kama alivyoona wakubwa wanafanya. Punda akarusha miguu yote miwili. Mtoto alivunjika paja, akalala hospitali wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito.

Bwana mifugo alipokuja, alililowesha gunia kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, taratibu, mpaka likaachia. Chini yake kulikuwa na kidonda cha upana wa kiganja, usaha pembeni, na nyuzi za gunia zimezama ndani ya nyama. Akamgeukia baba mdogo: "Mzee, mnyama alikuwa na kiu na maumivu, ninyi mkaita tabia."

Punda si kama ng'ombe. Akiumwa hujikaza, na akiogopa mara nyingi husimama tu kama amegoma. Kwa hiyo kusimama kimya hakukuambii lolote. Anayefaa mtoto ni yule ambaye ameshiba, amekunywa, amelala, masikio yake yanafuata kila sauti, na bado hana neno ukimgusa.

Basi, mfuate punda nyumbani kwa mwenyewe. Nenda asubuhi kabla hajapelekwa kazini, urudi tena jioni. Mwambie mwenye punda avue kila kilicho mgongoni, kisha pitisha kiganja chako kuanzia shingoni mpaka mkiani ukikandamiza kidogo; akijikunja, uliza kwa nini, na jibu la "ana nyege" usilipokee. Inua kwato zote nne. Mwombe mtoto wa pale nyumbani amwongoze mpaka barabarani, bodaboda ipite na honi yake. Ukiweza, omba ukae naye wiki mbili tatu kwa kuacha kitu cha dhamana. Mwenye punda mzuri hukubali. Anayekuharakisha kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani, mwachie huyo mteja wake.

Ikibidi mnadani, nunua, lakini mwezi wa kwanza mtoto asimkaribie bila mtu mzima. Mnyama ashibe kwanza ndipo umjue.

Ukiwa hapo kwa mwenyewe, uliza rafiki yake ni yupi. Punda hushikamana wawiliwawili, na ukimtenga na mwenzake anaweza kulia usiku kucha na kususia chakula. Usimwangalie ukidhani atazoea. Punda asiyekula siku mbili yuko hatarini: mafuta ya mwilini humiminika kwenye damu, ini linazidiwa, na hapo hata dawa mara nyingi huchelewa. Kama hela inatosha, chukua wote wawili. Kama haitoshi, mpeleke kwenye nyumba ambayo tayari ina punda. Mbuzi hawezi kuchukua nafasi hiyo, waliojaribu wanajua.

Karatasi. Wizi wa punda upo, na ulichochewa na biashara ya ngozi zinazopelekwa China kutengenezea dawa iitwayo ejiao. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, lakini mwizi hasomi maazimio. Dai maandishi ya mauziano mbele ya mtendaji, alama za mnyama ziandikwe humo, na kama anatoka wilaya nyingine upate kibali cha kusafirisha mifugo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, kuleta mnyama kutoka Sengerema hakuna tena kusubiri kivuko, na wengine wanadhani basi hata kibali hakina haja. Kina haja.

Mzigo nao piga hesabu. Punda wetu wengi wana kilo 120 mpaka 150 hivi. Madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40. Mpandishe juu yake mtoto wa kilo 18, umefika 58, karibu nusu ya uzito wa punda wa kilo 120. Kwa hiyo ni ama maji ama mtoto, tena tandiko liwe nene, laini, lenye kuacha nafasi katikati ya uti wa mgongo, na livuliwe kila siku. Kila siku! Kaka mtu wa darasa la saba naye ashuke, miguu anayo.

Walio karibu na ziwa, msimtume mtoto kumnywesha punda ufukweni. Punda wengi hawapendi kuingia majini, kwa hiyo atakayeingia ni mtoto, akimvuta, maji yamefika magotini, na kichocho kinamngoja hapo hapo. Sehemu nyingine na mamba wapo. Maji yachotwe na mtu mzima, punda anywe ukavuni kwenye ndoo au beseni safi. Ndoo chafu ataikataa, na utadhani hana kiu.

Mengine ni ya kila siku ila hayasameheki. Kamba isizungushwe mkononi wala kufungwa kiunoni kwa mtoto, hata kwa dakika moja. Ashike kwa kiganja ili ikivutwa imponyoke. Asipite nyuma. Avae viatu vya kufunika vidole, si katambuga. Akipandishwa, kofia ngumu inayomtosha kichwani, si ile ya bodaboda inayozunguka kama sufuria, na mtu mzima awe ameshika kamba. Angalia kadi yake ya kliniki kama chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zilikamilika, kwa sababu vijidudu vya pepopunda vinakaa kwenye kinyesi na udongo wa zizini. Usiku zizi lifungwe, fisi bado wapo. Awe mtoto au punda, akijeruhiwa hata kidogo asafishwe siku hiyo hiyo. Punda asichapwe mbele ya mtoto, maana mtoto atachapa pia, na yeye yuko kwenye kimo cha kwato. Na watoto wa jirani watakuja tu, jioni, wote kwa mpigo, kila mmoja anataka kupanda. Panga mapema nani anaruhusiwa, na uwepo mwenyewe pale, simu mfukoni.