Soma ua kabla ya kuuliza jina: kupambanua migomba na jamaa zake

Kabare ni pua na mdomo na Bukavu, huku kwetu Kivu, mashariki ya Kongo, lakini ukivuka kilima kimoja tu huko mgomba uleule unapewa jina jingine. Ukirudi mjini na orodha ya majina 30 huenda umeona aina 12. Kwa hiyo nikiitwa kuorodhesha migomba ya mtu, jina naliacha mwisho. Naanza na ua.

Beba wembe mpya, lenzi ya mkono, rula, sahani nyeupe, kalamu ya risasi na kichupa cha maji ya javeli (jiki). Fika asubuhi, kabla ya saa tatu. Jua likishapanda rangi za ua hufifia, na rangi ni nusu ya kazi.

Hatua ya 1: Omba ua

Tangu mnyauko wa bakteria uingie Kivu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakulima wamefundishwa kuvunja ua dume, lile fundo kubwa linaloning'inia mwisho wa mkungu, kwa kijiti chenye panda mara tu chane ya mwisho inapotokea. Wadudu hubeba ugonjwa na kuupitisha kwenye makovu mabichi ya ua hilo. Ndiyo maana utaingia shambani na kukuta mikungu mizuri isiyo na ua hata moja.

Mama mmoja wa upande wa Katana aliniuliza, "Mulituambia tulivunje, sasa munalitafuta tena?" Alikuwa na haki. Siku hizi simwombi mtu aache ua likae. Namwachia namba yangu ya simu: "Mama, siku ya kuvunja unibipu." Siku yake ya kuvunja ndiyo siku yangu ya kusoma. Ua livunjwe kwa kijiti, si kwa panga, na wembe uoshwe kwa javeli kila unapohama mgomba.

Hatua ya 2: Hakikisha ni mgomba kweli

Unacheka, lakini nimeletewa picha za mti wa msafiri kutoka bustani ya hoteli ikiulizwa ni ndizi gani. Tazama majani. Mgomba huyazungusha kulizunguka shina. Mti wa msafiri, pamoja na strelitzia na helikonia za bustani, huyapanga safu mbili, kama feni. Kisha kata kidogo: mgomba hutoa utomvu, ule usiotoka kwenye shati. Helikonia haina.

Sasa hesabu stameni, vile vijiti vya chavua ndani ya ua. Familia zote nane za oda hii, yaani kundi kubwa la mgomba na jamaa zake, zinajigawa hapo. Mgomba, helikonia na strelitzia huwa na stameni 5, mti wa msafiri 6. Tangawizi na iliki zina 1 tu, na kile unachodhani ni petali kubwa ni stameni zilizogeuka kuwa mdomo wa ua. Kana, zile nyekundu na za njano kwenye nyua za mjini, zimebaki na nusu: upande mmoja wa stameni una chavua, upande wa pili umekuwa kama petali.

Hatua ya 3: Tenga mgomba-mwitu

Ndani ya familia ya migomba kuna jenasi tatu. Musella ni ya China, hutaikuta porini kwetu. Ensete ndiyo mgomba-mwitu wetu wa mabondeni na kandokando ya msitu: shina limenenepa chini, halitoi machipukizi, magamba ya ua hung'ang'ania mkungu, na tunda limejaa mbegu nyeusi ngumu. Huchanua mara moja, kisha hufa. Waethiopia hula kiazi na shina lake. Sisi tunauangalia tu.

Zinazobaki ni Musa, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Hatua ya 4: Pima gamba

Karibu ndizi zote tunazokula zimetoka kwa wazazi wawili wa Asia, acuminata (A) na balbisiana (B). Herufi huonyesha urithi: AAB, kwa mfano, ina sehemu mbili za A na moja ya B. Mwaka 1955 wataalamu wa ndizi Simmonds na Shepherd walichagua alama 15 za kuwatofautisha. Kila alama hupewa pointi 1 ikiwa ni ya A kabisa, 5 ikiwa ni ya B kabisa, na zilizo katikati hupata 2 hadi 4. Alama nyingi ziko kwenye ua.

Bandua gamba la ua dume linaloanza tu kuinuka. Liweke kwenye sahani. Pima urefu wote, kisha pima kutoka kitako hadi pale lilipo pana zaidi. Gawanya. Gamba la sentimita 20 lenye upana mkubwa kwenye sentimita ya 5 linakupa 0.25: chini ya 0.28 ni A. Likiwa pana kwenye sentimita ya 7 ni 0.35, na kuanzia 0.30 kwenda juu ni B. Ncha kali ni A, ncha butu ni B. Ligeuze uone ndani: la A hupauka kuwa njano kuelekea kitako, la B lina wekundu mkali mpaka chini kabisa.

Kujikunja usikuangalie kwenye sahani. Kuangalie gamba likiwa bado kwenye ua: la A hujiviringisha kwa nyuma, la B huinuka tu. Mimi niliwahi kuokota gamba chini ya mgomba, limekauka na kujikunja kama sigara, nikaandika A. Hesabu ikaniangukia katikati, si AAB wala ABB. Mwenye shamba, mpishi wa kasiksi (pombe ya ndizi), akanikatia kidole kimoja kilichoiva na kunionyesha mbegu ndani. Ilikuwa Pisang Awak, ABB, ile Waganda wanaiita Kayinja.

Hatua ya 5: Fungua ua dogo

Toa ua dogo moja la kiume chini ya gamba. Utaona ala ya njano yenye meno 5, na mkabala wake kipande kimoja chembamba kinachopitisha mwanga. Chini ya ncha yake kikiwa na makunyanzi ni A. Kikiwa laini, B. Ua jeupe la maziwa ni A, lenye wekundu kidogo ni B.

Kisha chukua ua jike, lile la kwenye ncha ya kidole kichanga. Stigma, sehemu inayopokea chavua, ikiwa ya rangi ya chungwa ni A, iliyopauka ni B. Kata kidole kichanga kwa upana, weka lenzi. Kuna vyumba vitatu. Katika kila chumba ovuli (mbegu changa) zimekaa safu mbili zilizonyooka (A) au nne zilizovurugika (B). Alama hii naiamini kuliko zote, maana haichomwi na jua.

Hatua ya 6: Jumlisha

Zilizobaki ni za shina, kikonyo na makovu ya magamba, zipitie haraka. Jumla ya 15 hadi 23 ni AAA, 24 hadi 46 ni AAB, 59 hadi 63 ni ABB. Ukipata 52, haimo popote: rudi kwenye mgomba.

Kipimo hiki hakitakutenganishia ndizi zetu za milimani: ya kupika na ya kasiksi zote ni AAA. Hapo onja utomvu, ule mchungu ni wa pombe. Na makemba (ndizi za aina ya plantain) yenye vidole vikubwa vichache mara nyingi hayana ua dume kabisa, si kwamba limevunjwa. Tazama mwisho wa mkungu: kovu la kuvunjwa linaonekana. Kama hakuna kovu, andika "halina", usiache nafasi wazi.

Jina la mwenye shamba liandike sasa, pamoja na kilima ulikolisikia.