Jinsi ya kuomba historia ya gari la babu lililokimbia dragi Marekani

Baba mkwe wangu alimwachia mke wangu gari la Ford Mustang ya 1968, imefunikwa turubai katika gereji huko California. Kwenye kioo cha nyuma yalikuwa yamebaki maandishi ya kiwi nyeupe ya viatu, herufi na namba za daraja aliloshindania. Wanangu wakauliza: babu alilipata wapi, na kabla yake lilikuwa la nani? Kuwajibu kulinichukua miezi, na mingi kati ya hiyo niliipoteza kwa kukimbilia fomu kabla sijalisoma gari lenyewe. Wewe uliye huku ughaibuni na una urithi kama huo, usipite njia yangu.

Anza na chuma. Magari ya dragi, mbio za robo maili iliyonyooka, kama mita 402, ni ya aina mbili. Kuna lililotoka kiwandani na kusajiliwa kama gari la kawaida, halafu likaongezewa nguvu. Na kuna lililoungwa na mafundi kwa mabomba ya chuma, likaletwa uwanjani juu ya trela na halikuwahi kuvaa namba ya usajili. Hilo la pili huenda serikali haina faili lake hata moja. Usimsumbue karani, nenda moja kwa moja kwenye magazeti na picha, nitakakofikia mwishoni.

Kama ni la kiwandani, tafuta namba ya chasi. Kabla ya 1981 kila kampuni ilikuwa na mpangilio wake, na tarakimu 17 tunazozijua leo hazikuwapo. Mustang yetu ina 11. Ndiyo maana mifumo mingi ya mtandaoni huikataa, na ndiyo maana utahitaji fomu ya karatasi. Usiinakili kwa macho tu: weka karatasi laini juu ya namba, sugua kwa penseli, kisha piga picha. Usithubutu kung'oa kibati chenye namba hata kama kimelegea, kwani kukiondoa kunaweza kuwa kosa la jinai. Namba ya injini iandike pia, ila usiitegemee. Wakimbiaji walibadilisha injini kama tunavyobadilisha matairi.

Hatua ya pili ni kuwa mmiliki kwenye karatasi. Sheria ya shirikisho ya 1994 inalinda taarifa binafsi zilizo katika kumbukumbu za magari, kwa hiyo kusema "lilikuwa la babu yangu" hakufungui faili. Kwa California, kama mirathi haikwenda mahakamani na haizidi kiwango kilichowekwa na jimbo, mrithi hujaza fomu REG 5 ya idara ya magari ya jimbo (DMV), ambayo ni hati ya kiapo ya kuhamisha gari. Ni lazima ziwe zimepita siku 40 tangu kifo. Tayarisha cheti cha kifo, na hati ya umiliki ya zamani ikiwa ipo. Majimbo mengine yana taratibu zao: New York haitoi hati ya umiliki kwa gari la kabla ya modeli ya 1973, hutumia karatasi ya usajili tu. Usishtuke basi ukikosa hati kwenye makabrasha ya babu.

Sasa ndipo omba. California fomu ya kuomba kumbukumbu zako mwenyewe ni INF 1125. Za mtu mwingine ni INF 70. Andika wazi kwamba unataka historia yote ya umiliki, si usajili wa sasa pekee. Ombi langu kwa ofisi ya jimbo lingine, ambako gari lilipita zamani, lilirudishwa kwa sababu sikueleza sababu ya kuomba. Nililituma tena na maelezo ya mistari mitatu pamoja na nakala ya usajili wenye jina la mke wangu, likapokelewa. Tuma nakala tu, hati halisi zibaki nyumbani.

Huku ukisubiri, waulize wenye kumbukumbu za viwanda. Marti Auto Works wana data za Ford, Mercury na Lincoln kuanzia 1967. Ukiwapa namba ya chasi watakueleza gari lilivyoagizwa na lilipelekwa kwa muuzaji gani. PHS (Pontiac Historic Services) wanafanya hivyo kwa magari ya Pontiac kuanzia 1961. Kwetu hapa ndipo jibu la kwanza la maana lilipotoka: jina la duka la magari, na mji.

Majibu ya jimbo yanaweza kuja yakiwa na majina yaliyofichwa, au wakakuambia faili lilishafutwa kwa kuwa usajili haukulipiwa muda mrefu. Tarehe na mahali vikibaki vinatosha. Peleka tarehe hizo kwenye maktaba ya mji husika, uombe magazeti ya wikiendi za mashindano. Gazeti la NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, liitwalo National Dragster, limekuwepo tangu 1960. Ukijua uwanja, muda wa kutafuta hupungua: uwanja wa Lions, kule Wilmington, California, ulifunguliwa 1955 na kufungwa 1972.

Ukipata picha, usiangalie rangi, maana ilipakwa upya mara nyingi. Linganisha matundu ya boneti, mikunjo ya bodi, na mahali ilipofungwa mita ya mzunguko wa injini. Sisi tulilijua letu kwa matundu mawili yaliyozibwa kwa madini ya risasi juu ya taa ya kushoto.